Giaboksi ya otomatiki ya Corolla 110: jua kilichoiua kabla hujaiteremsha

Corolla 110 zenye injini ya 5A-FE, sisi 1498, bado ziko barabarani kwa wingi Tanzania na Kenya, na zile za otomatiki zimebeba giaboksi zenye umri wa miaka ishirini na kitu. Ikianza kuteleza, hukumu hutoka palepale: giaboksi imekufa, tafuta nyingine. Inatafutwa ya mtumba Gerezani, Dar, au Kirinyaga Road, Nairobi, inafungwa, na baada ya miezi michache inateleza vilevile. Muuzaji analaumiwa. Mara nyingi hana kosa: giaboksi nzima ilifungwa kwenye gari ambalo bado lina ugonjwa ulioiua ya kwanza.

Anza na herufi. Fungua boneti usome kibao cha chasisi, sehemu ya giaboksi. Utakuta kitu kama A240L, A132L au A245E. Ikiwa na E, kompyuta ndiyo inayochagua gia kwa kutumia solenoidi, yaani vali za umeme. Ikiwa na L bila E, gia zinachaguliwa na presha ya mafuta, ikiongozwa na gavana, kifaa kinachopima mwendo wa gari, pamoja na kebo inayotoka kwenye throto, mlango wa hewa ya injini. A132L ina gia tatu, A240L ina nne. Usizichanganye. Boliti zinaweza kuingia zote na giaboksi ikakaa vizuri kabisa kwenye injini, lakini ya E ndani ya gari la L haina wa kuiamrisha.

Kebo hiyo ya throto ndiyo imeua A240L nyingi kuliko kilomita. Wengi wanadhani kazi yake ni kushusha gia tu unapokanyaga mafuta ghafla. La. Ndiyo inayoiarifu giaboksi kwamba injini imebeba mzigo kiasi gani, na presha ndani inapanda kadiri kebo inavyovutwa. Ikilegea, presha inabaki chini wakati injini inavuta kwa nguvu, pleti za klachi za ndani zinasuguana badala ya kushikana, na zinaungua kidogo kidogo. Ubaya ni kwamba dalili ya mwanzo inapendeza: gia zinapanda mapema, laini kama siagi, dereva anasifia gari. Ikikazwa kupita kiasi nayo, gia zinachelewa kupanda na zinaingia kwa kishindo.

Kuipima hakuhitaji mashine. Injini ikiwa imezimwa, mtu akanyage pedali ya mafuta hadi mwisho. Kwenye waya wa ndani wa kebo kuna kipande kidogo cha chuma kilichobanwa; angalia nafasi kati yake na mwisho wa kibuti cha raba. Inatakiwa iwe milimita 0 hadi 1, basi. Ikizidi, legeza nati mbili za kebo, sogeza, kaza, pima tena. Hakikisha pia throto yenyewe inafunguka yote, kwa sababu pedali iliyozuiwa na kapeti itakupa kipimo cha uongo. Gari lililobadilishwa injini au throto lishukiwe hapa kabla ya kwingine kokote.

Mshukiwa wa pili ni kazi ya mikono yetu wenyewe: kutoa thamostati. Maji ya injini yakiwa bado baridi, gari linazuia ovadraivu (O/D), yaani gia ya nne. Injini isiyo na thamostati inakawia kupata moto, na kwenye barabara za miinuko yenye baridi, Mbeya au Limuru, inaweza isiupate kabisa. Gari linabaki gia ya tatu, injini inalia, na mtu anaambiwa gia ya nne imekatika. Rudisha thamostati kwanza. Angalia pia taa ya O/D OFF kwenye dashibodi. Imewahi kuwagharimu watu giaboksi nzima kwa kitufe kilichobonyezwa bila kujua.

Mafuta ya giaboksi yapimwe yakiwa ya moto, baada ya gari kutembea, injini ikiunguruma kwa silensa, bila kukanyagwa mafuta. Pitisha gia kutoka P hadi L kisha rudi P, ndipo utoe dipstiki, usome upande wa HOT. Mekundu ni mazima. Ya kahawia yasiyonuka yamechoka. Meusi yenye harufu ya kuungua maana yake pleti zimeshaliwa, na kuyabadilisha hakutazirudisha. Yenye rangi ya waridi kama maziwa yameingiwa na maji kutoka kwenye rejeta, nalo ni jambo nitakalolirudia.

Halafu vipimo viwili. Toka N kwenda D, hesabu mpaka usikie gari limeshika: isizidi sekunde 1.2. N kwenda R: isizidi 1.5. Ikichelewa kwa D peke yake, klachi ya mbele imelegea au sili zake zimekauka. Ikichelewa pande zote mbili, presha ya jumla iko chini, na unarudi kwenye kebo, kiwango cha mafuta na filta. Kipimo kingine: zuia magurudumu yote manne kwa vigingi, vuta handbreki, kanyaga breki kwa mguu wa kushoto, weka D na ukanyage mafuta hadi mwisho, usizidishe sekunde 5. Mizunguko ya injini ikipanda kupita kiwango cha kiwanda, ndani kunateleza. Ikibaki chini mno, injini haina nguvu au toki konvata, chungu cha mafuta kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, ina kasoro. Pumzisha angalau dakika moja kabla ya kurudia, maana sekunde hizo chache zinachemsha mafuta kuliko mlima.

Ukisharidhika kwamba imekufa kweli, usilivute gari kwa kamba hadi gereji. Pampu ya mafuta inaendeshwa na injini. Injini ikizimwa na magurudumu ya mbele yakazunguka, giaboksi inajisaga bila kilainisho. Inua mbele.

Kununua ya mtumba kuna masharti machache. Herufi na namba zilingane. Ije na toki konvata yake na kebo yake. Omba sampo, bakuli la mafuta chini ya giaboksi, ifunguliwe mbele yako: kwenye sumaku iliyomo, uji wa kijivu mlaini ni kawaida ya umri, lakini vipande vya chuma vinavyong'aa au magamba meusi ni giaboksi iliyokwisha kufa kwa mwenzako. Muuzaji akikataa kufungua, ondoka. Mkononi andaa filta mpya, gasketi ya sampo, sili ya mbele ya pampu na sili mbili za shafti. Kubadilisha sili hizo giaboksi ikiwa chini ni kazi ya dakika chache. Ikishafungwa, sili ya mbele inakudai uishushe upya.

Konvata ya giaboksi iliyoungua usiitumie tena. Ni chungu kilichofungwa kwa kuchomelewa, uchafu umejificha kwenye mapanga yake, na hakuna namna ya kuuosha wote ukatoka. Ndio huo utakaoziba vali za giaboksi mpya.

Vivyo hivyo kipozeo cha mafuta, kilichomo ndani ya tangi la chini la rejeta. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, kwa sababu hakionekani. Chomoa mabomba mawili, pitisha mafuta ya taa kwa mwelekeo mmoja kisha kwa mwelekeo wa pili, puliza kwa upepo mpaka kisitoe tone, halafu mimina mafuta safi ya giaboksi kukisuuza. Kama mafuta ya zamani yalikuwa na maji, usihangaike kuosha, badilisha rejeta. Maji yakishaingia kwenye pleti yanalegeza gundi ya ukaratasi wake, kwa hiyo giaboksi iliyokunywa maji haipo tena hata kama bado inatembea.

Wakati wa kufunga, konvata inakaa kwenye giaboksi kwanza, si kwenye injini. Isukume huku ukiizungusha. Inadumbukia kwa hatua, na kila hatua utaisikia. Weka rula juu ya uso wa giaboksi upime hadi kwenye matundu ya boliti za konvata: kwenye Corolla hizi iwe zaidi ya milimita 20. Giaboksi ikishabanwa kwenye injini, konvata lazima iweze kuzunguka kwa mkono na iwe na nafasi ya milimita chache mbele yake kabla ya kufungwa boliti zake sita. Ukiona unalazimika kuvuta giaboksi kwa boliti ili ikutane na injini, simama. Konvata haijaingia kwenye pampu, na mzunguko mmoja zaidi wa spana utaivunja pampu hiyo. Boliti kubwa za milimita 12 za kuunganisha giaboksi na injini zinakazwa kwa spana ya kupimia hadi Nm 64.

Mafuta ni Dexron II au III. Ukimwaga sampo tu, yanatoka kama lita 3. Giaboksi iliyokuja kavu pamoja na konvata inameza zaidi ya maradufu. Tia lita 4 kwanza, washa, pitisha gia zote, kisha ongeza kidogo kidogo ukisoma dipstiki. Kwenye A131L na ndugu zake wa gia tatu, difu, sehemu inayogawa nguvu kwa magurudumu, ina mafuta yake na plagi yake, lita 1.4, na kusahaulika ni rahisi. Itakukumbusha kwa mlio.

Sasa kuigeuza gari ya otomatiki iwe manyuali. Inawezekana, na C50, giaboksi ya manyuali ya Toyota, inakaa kwenye 5A-FE bila kuchonga chochote. Ila ushauri wangu ni mmoja: nunua gari bovu la manyuali likiwa na vifaa vyote, uvitoe vyote. Anayenunua vipande hukwama kwenye kitu kidogo kisichouzwa peke yake, kama lile bati jembamba kati ya injini na giaboksi au mkono wa mauntingi ya kushoto. Kutoka kwenye gari hilo toa giaboksi, flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) pamoja na boliti zake, stata, shafti zote mbili, mauntingi, kebo mbili za gia na rungu lake, pedali zote kwa pamoja, klachi masta ya juu na ya chini, bomba lake, swichi ya rivasi na sensa ya spidi.

Boliti za flaiwili hazifanani na zile za bati la konvata, usizibadilishane. Flaiwili inakazwa Nm 78, presha pleti Nm 19 kwa kuzungukia msalaba. Flaiwili ichongwe kama ina mabaka ya bluu au nyufa. Diski ya klachi, upande wenye springi zilizotokeza ndio unaotazama giaboksi. Ukiigeuza, klachi haiachi na gia zinakwaruza hata gari likiwa limesimama. Iweke katikati kwa kipande cha kulengea, vinginevyo utapigana na giaboksi nusu siku chini ya gari. Grisi kwenye meno ya shafti iwe kama umepaka kwa kidole kilichofutwa, isije ikarukia diski.

C50 ina gia ya kwanza ya 3.545, nzuri kwa mlima na mzigo. C52 inafanana nayo kwa nje lakini ya kwanza yake ni 3.166, na kwenye mteremko wa Kitonga ukirudi juu umebeba watu watano utaijua tofauti. Mafuta ni lita 1.9 ya 75W-90, na kiwango ni mpaka yaanze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia gari likiwa sawasawa.

Pedali ya klachi inapoachiwa mchezo wa milimita 5 hadi 15 kabla ya kuanza kubana, klachi inadumu. Isipoachwa, rilizi bearing inazunguka muda wote na inaisha upesi. Toa upepo kwa mafuta ya breki ya DOT 3 kupitia masta ya chini mpaka pedali iwe ngumu tangu juu.

Kwa umeme, waya mbili nene zilizokuwa kwenye swichi ya P na N ndizo zinazoruhusu stata. Wengi huziunganisha tu na kazi inaisha, gari linawaka. Lakini sasa linawaka hata likiwa kwenye gia, na mtoto akizungusha ufunguo litaruka mbele. Zipeleke kwenye swichi ya pedali ya klachi. Taa za rivasi nazo zinachukua waya zake mbili kutoka kwenye soketi hiyohiyo ya zamani. Na kabla hujatupa rungu la otomatiki, jaribu kuchomoa ufunguo: kwenye baadhi ya gari hizi unazuiwa kutoka mpaka rungu liwe P, na rungu hilo halipo tena.