Rede, Filimbi na Pumzi: Nilivyowazoesha Wanafunzi Wangu Kutopaniki

Nafundisha tuisheni ya Biolojia na Kemia hapa Makorora, Tanga, na wengi wa wanafunzi wangu ni wa kidato cha nne. Mtihani wao wa taifa ni Novemba, lakini ikishafika Septemba tu naona wanavyobadilika. Mcheshi ananyamaza, mpole anakuwa mkali kwa neno dogo. Wapo pia wale ambao tukizungumza barazani wanakueleza mzunguko wa damu mwanzo mpaka mwisho, ila ukiwapa karatasi na kuwatajia muda, wanapaniki na kichwani hakibaki kitu. Mawaidha nimetoa ya kila aina: laleni mapema, kunyweni maji, mtangulizeni Mungu. Wanaitikia "sawa, madam" kwa adabu zote, na kesho yake ni yale yale.

Dawa niliipata kwenye rede.

Mchezo wenyewe kila aliyekulia uswahilini anaujua. Warushaji wawili wanasimama huku na huku, wenzao wako kati wanakwepa mpira. Hapo katikati inawekwa chupa tupu ya maji, na wanaokwepa wanatakiwa waijaze mchanga kwa viganja huku mpira unawapita masikioni. Ukipigwa, umetoka. Chupa ikijaa, mzunguko ni wenu. Timu zinajiita Coastal na African Sports, majina ya klabu zetu za mpira wa miguu, ndiyo Tanga tena. Zamani mpira tulikuwa tunausuka kwa mifuko ya rambo. Tangu ilipopigwa marufuku Juni 2019 tunashindilia matambara ndani ya soksi kuukuu, na mpira huo hauumi sana.

Sasa mtazame huyo anayejaza chupa. Mdomo wa chupa ni mwembamba, kazi inataka mkono uliotulia, na hapo hapo watu wanapiga kelele na mpira unaweza kutoka upande wowote. Moyo unamwenda mbio, viganja vinalowa jasho, mchanga unamwagikia miguuni. Hali hiyo ndiyo ya chumba cha mtihani. Mwili hauna adrenalini ya mpira wa soksi na nyingine ya pepa ya hesabu. Ni ile ile: inaharakisha moyo, inasukuma damu kwenye misuli mikubwa ili ukimbie au upigane, na vidole vinavyotakiwa kushika kalamu vinaanza kutetemeka. Uzuri wa rede ni kwamba ukiharibu, unachekwa kidogo na mchezo unaendelea.

Mimi nilichoongeza ni filimbi. Mchezo ukifika pale penye utamu, napuliza. Kila mtu anasimama alipo, anaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, tunahesabu mapigo kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa 4. Wengine wanapata 130, wengine 150. Mmoja aliwahi kutangaza 300, tukamwambia kumbe hata kuzidisha kunahitaji tuisheni. Halafu tunavuta pumzi kwa pua kwa hesabu ya 4, tunaitoa taratibu kwa mdomo kwa hesabu ya 6, tunarudia mara kadhaa, tunapima tena. Kutoa kunakuwa kurefu kuliko kuvuta kwa sababu moyo huongeza kasi kidogo unapovuta pumzi na huipunguza unapoitoa. Hilo wanalikuta vidoleni mwao wenyewe, na kwa mwalimu wa Biolojia ni raha tupu.

Mjanja atasema: ukisimama tu moyo unashuka wenyewe. Ni kweli, na wanafunzi wangu waliniuliza hivyo hivyo. Ninachotafuta ni wazoee kuwa na jambo la kufanya wakati mwili umechachamaa. Ndiyo maana filimbi ya pili inawarudisha pale pale walipoachia, chupa iko nusu, mrushaji keshainua mkono. Ukiwafundisha kupumua baada ya mchezo kwisha, wamelala chali kwenye nyasi, wanajua kutulia wakati ambapo hakuna kinachowasumbua, na hilo hata paka analijua.

Kuna kanuni moja niliibadilisha. Kwa kawaida aliyepigwa anakaa pembeni mpaka mzunguko uishe. Nikaona wanaotoka mapema ni wale wale: mwoga, mzito, mgeni wa mtaa. Yaani anayehitaji mazoezi kuliko wote ndiye anayekaa muda mrefu kuliko wote. Basi nikaazima kutoka kwenye kombolela: aliye kati akidaka mpira, anamkomboa mwenzake mmoja, lakini anamkomboa yule anayemwita kwa jina na kuomba. Ukikaa kimya, unabaki. Binti mmoja, hodari sana wa Kemia na mgumu sana wa kusema "sijaelewa", alikaa pembeni jioni nyingi akitazama vidole vyake vya miguu. Siku alipofungua mdomo alipiga ukelele uliowatoa majirani nje. Sasa hata darasani ananisimamisha katikati ya sentensi, na kuna siku natamani angepunguza.

Siku za joto kali tunacheza nyama nyama nyama, haina mbio nyingi. Ukisikia "ya mbuzi" unaruka na kuitikia "nyama!", ukisikia "ya paka" unatulia. Nazidisha kasi mpaka mtu aruke kwa paka. Inawafaa wanaojibu swali kabla ya kulisoma. Ila watoto wa pwani nao, mchezo ulivunjika kwa ubishi kama pweza ni nyama au si nyama, na hatukuumaliza. Kuvuta kamba nilikuacha. Viganja vinachubuka, na wenye miili ndio wanaoshinda kila siku.

Wazazi walikuwa na lao. Mama mmoja wa makamo alinifuata nyumbani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha hakuzunguka: "Mwalimu, mwanangu namlipia asome. Naambiwa jioni yuko kiwanjani anacheza rede kama mtoto wa darasa la pili." Nikamweleza kwamba Shirika la Afya Duniani linataka walio na miaka 5 hadi 17 waushughulishe mwili wastani wa dakika 60 kwa siku. Shirika halikumgusa hata kidogo. Aliuliza, "Na masomo je?" Nikamwonyesha ratiba: rede nusu saa baada ya alasiri, masomo baada ya magharibi. Akakubali kwa sharti kwamba wasichana wacheze na wasichana. Sharti limebaki, sina ugomvi nalo, na kelele za upande huo zinashinda za wavulana.

Darasani matunda nayaona kwenye majaribio ya ghafla. Nikiandika swali la kwanza ubaoni, vidole viwili vinakwenda kwenye kifundo, pumzi zinatoka ndefu. Kuna kijana anatoa pumzi kwa nguvu mpaka jirani yake analalamika kuwa karatasi zinapeperuka.

Lakini rede ina mpaka wake. Mmoja wao aliacha kula, hakulala usiku, na akaanza kusema maneno ya kukata tamaa. Huyo sikumpulizia filimbi. Tulikaa na mlezi wake siku ile ile, nikawapa namba 116, simu ya huduma kwa mtoto ambayo haina malipo, kisha wakaenda hospitali ya Bombo kuonana na wataalamu. Shule hakuiacha. Baada ya muda alirudi kiwanjani mwenyewe, yuko African Sports, na kukwepa bado hajui.