Mtungi mmoja, vinywaji vitatu: nilivyopata presha tatu

Kwa miezi mitatu kila niliyemuuliza nitapataje presha tatu tofauti kutoka mtungi mmoja wa gesi ya vinywaji (kaboni dioksidi, ile inayotia soda mapovu) alinijibu neno moja: "Weka koki, ibane kidogo, presha itashuka." Maneno hayo yamenilia choya (kinywaji cha rosela) lita 19 na heshima ya harusi moja, kwa hiyo naanza na hili: koki haishushi presha. Inachelewesha gesi tu.

Nauza vinywaji kutoka nyumbani kwangu Kikwajuni, Zanzibar, vya harusi na vya futari. Nina kegi tatu, yaani mapipa madogo ya vinywaji, za chuma kisichoshika kutu, lita 19 kila moja, zimekaa ndani ya friza la kulala lenye kidhibiti joto, nyuzi 3 au 4. Moja ya maji ya soda, moja ya tangawizi na ndimu, moja ya choya. Kegi hizi asili yake zilikuwa za sharubati za soda. Wapikaji bia wa majumbani kule Marekani wakazichukua, na mengi niliyojifunza yametoka kwao. Kwangu hamna bia, ila kanuni za gesi ni zile zile.

Kila kinywaji kina presha yake. Maji ya soda yanataka kama bar 2 (bar ni kipimo cha presha) ndipo yachome ulimi. Tangawizi inatosha bar 1.5. Choya ni laini, nikizidisha 0.7 inatoka povu na kuwa kali mdomoni. Mtungi wa gesi ni mmoja.

Fundi wa mafriji alinifungia bomba la matawi matatu, kila tawi na koki yake. Regulata, kile kifaa cha kwenye mtungi kinachoshusha presha ya gesi, tukaiweka bar 2. Koki ya soda akaiacha wazi, ya tangawizi nusu, ya choya akaifungua kiasi cha unywele. Akachomeka geji ya kupimia presha kwenye kegi ya choya, ikasoma chini kweli. "Umeona, dada? Hiyo ndo presha yako." Nikamlipa, nikalala na furaha, maana kesho yake nina harusi Mwanakwerekwe.

Asubuhi nafungua bomba la choya, jagi la kwanza povu. La pili povu. La tatu, povu jekundu mpaka sakafuni. Nachomeka geji: bar 2, sawa na soda. Gesi ilikuwa imepenya usiku kucha mpaka kegi zote tatu zikalingana. Chukua mapipa mawili ya maji uyaunganishe kwa mpira mwembamba: yatachelewa, lakini asubuhi utayakuta usawa mmoja. Hilo tu ndilo lililotokea, na hakuna aliyenieleza. Tangu saa mbili mpaka saa tano nilikuwa navuta pete ya usalama juu ya kegi, natoa gesi, nangoja, natoa tena, kwa sababu gesi iliyokwisha kunyweka ndani ya choya haitoki kwa mara moja. Tulifika harusini watu wameshakula. Mama wa bibi harusi hakunigombeza, akapokea majagi na kunyamaza. Mpaka leo linaniuma.

Ndipo nikakaa nikafikiri mwenyewe. Kila presha inataka regulata yake. Ile kubwa ya kwenye mtungi inashusha kutoka presha ya mtungi, kisha regulata ndogo zinashusha tena, kila moja kwa kegi yake. Niliambiwa ninunue ndogo tatu. Nikanunua mbili! Regulata ndogo inaweza kushusha tu, haiwezi kupandisha, basi kubwa nimeiweka bar 2, presha ya juu kuliko zote ninazohitaji. Inakwenda moja kwa moja kwenye maji ya soda, na tawi lake linalisha ndogo mbili, ya tangawizi na ya choya. Shemeji aliniletea kutoka Dubai, laki na kitu kila moja.

Siku ya kwanza niliteremsha regulata ya tangawizi kutoka 2 hadi 1.5 bila kutoa presha iliyomo kegini, na kegi nilikuwa nimeijaza hadi mdomoni. Tangawizi ikarudi nyuma kwenye mpira wa gesi, ikasimama shibiri moja tu kutoka kwenye regulata. Sasa kila mpira una valvu ya njia moja, kegi naiacha vidole vinne juu, na nikitaka kushusha presha navuta pete kwanza.

Maji ya soda nayo yalikuwa yakiruka nje ya glasi. Nikashauriwa nipunguze presha wakati wa kumimina. Ukifanya hivyo kila siku soda inachuja. Nilichofanya ni kurefusha mpira wa kinywaji: mwembamba, milimita 5 kwa ndani, mita 7 umeviringishwa humo humo ndani ya friza. Mpira mrefu unapunguza kasi, maji yanatoka kwa utulivu. Choya ina mita 2 tu.

Na geji ya mtungi isikudanganye. Humo gesi imekaa kama maji, kwa hiyo sindano inafuata joto: nyuzi 20 inasoma kama bar 57, nyuzi 30 inafika 72 hivi, hata kama mtungi umebaki robo. Mimi napima mtungi kwenye mizani ya mchele, natoa uzito wa mtungi mtupu uliopigwa chapa shingoni. Gesi naagiza ya vinywaji. Kuna aliyenitaka nichukue ya mitungi ya kuzimia moto, eti gesi ni gesi, nilikataa. Viungo napaka povu la sabuni kila nikifungua kitu. Mlango wa stoo hauzibwi kamwe, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa, inalala chini na kumziba mtu pumzi.

Juzi yule fundi alikuja kwa ajili ya friza. Akaziangalia geji, 2, 1.5, 0.7, akaionja choya, akarudi kuziangalia tena. Kisha akaniuliza zile ndogo shemeji ataleta nyingine lini.