Besi ya Kihonda

Mwaka 2011, sisi tuliokuwa tunapiga muziki kwa kujifurahisha Dar es Salaam tulikuwa tunajuana karibu wote, na vyombo vya kila mmoja wetu tulivijua vizuri. Gitaa la solo ulilolisikia Mbagala mwezi wa pili ungeweza kulikuta Tabata mwezi wa tisa, mikononi mwa mtu mwingine, na alama ileile ya sigara kichwani mwa gitaa. Tulikuwa tunauziana, tunabadilishana, tunakopeshana. Tabu ilikuwa besi, gitaa la sauti nzito. Kila kijana aliyetamani gitaa alitamani solo. Wapiga besi tulikuwa wachache, na besi za kuuzwa zilikuwa chache kuliko sisi.

Uhaba huo ulianza zamani. Bendi zetu kubwa za dansi zilikuwa za mashirika na jumuiya: NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ilikuwa ya Umoja wa Vijana, Mlimani Park ikawa chini ya DDC, shirika la maendeleo la jiji. Vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi. Mpiga besi aliyehama alihama na vidole vyake tu, gitaa likabaki stoo. Ndiyo maana unaweza kukutana na mzee aliyepiga besi ujana wake wote, ukaingia nyumbani kwake, usikute hata waya.

Kwa hiyo nilipopigiwa simu na jamaa wa kwaya moja ya Morogoro, akaniambia kuna mzee kule Kihonda, Morogoro hapohapo, anauza besi na amplifaya, vyote vyake mwenyewe, sikuuliza bei. Niliuliza kama bado vipo.

Jumamosi yake nilipanda basi Ubungo pamoja na rafiki yangu tunayemwita Fundi. Yeye anapiga solo, na riziki yake ni kutengeneza redio na televisheni kule Temeke. Kununua amplifaya iliyokwisha kutumika bila mtu wa aina yake ni kununua sanduku. Alibeba bisibisi, mita ya umeme na waya wake wa gitaa, kwa sababu haamini waya wa muuzaji. Kihonda tulifika jua limeshakuwa kali, milima ya Uluguru ikiwa wazi bila wingu, na tulipobisha hodi tulimkuta mama mwenye nyumba anapima ukuta kwa futi ya seremala.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu, karibuni. Nyinyi ndio wa magitaa? Afadhali. Hapa nataka shelfu mpaka kule." Chumba kile, cha mbele, alikuwa anakigeuza duka. Amplifaya ilikuwa imekaa hasa mahali alipotaka kaunta.

Mzee alitoka ndani taratibu. Vidole vyake vya mkono wa kushoto vilikuwa vimevimba kwenye viungo, na aliponipa mkono nilielewa kwa nini anauza kabla hajasema. Alikuwa amepiga kwenye bendi ya kiwanda, Morogoro ilipokuwa na viwanda vinavyofanya kazi usiku na mchana na kila mwisho wa wiki ina dansi. Huu ndio mji wa Morogoro Jazz na wa Mbaraka Mwinshehe, naye aliwahi kumwona Mbaraka jukwaani mara nyingi kabla hajafariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979. Hakutaka kuzungumza sana habari hizo. Alitaka tuangalie besi.

Ilikuwa imeigwa kwa Jazz Bass, besi maarufu ya kampuni ya Fender, jina la mtengenezaji limeshafutika kichwani, rangi ya kahawia imechujuka pale mkono unapolala. Niliishika nikaiangalia shingo kutokea chini kwenda juu, jicho moja limefungwa, kama mtu anayekagua ubao wa kuchongea mlango. Ilikuwa imenyooka. Nikakandamiza uzi wa E, ule mnene kuliko yote, kwenye freti ya kwanza na ile ya mwisho (freti ni vile vijiti vya chuma vilivyokatiza shingo), nikatazama katikati: uwazi mdogo sana, unaopitisha kadi ya biashara. Ndivyo inavyotakiwa. Chuma kilichomo ndani ya shingo kilikuwa bado kinafanya kazi yake, na kwa gitaa lililoishi miaka mingi na joto na unyevu hilo si jambo dogo.

Nilikuwa nimeshaanza kufurahi. Mzee akanyoosha kidole kwenye nyuzi.

"Hizi nyuzi nimezichemsha jana," akasema. "Zitalia vizuri wiki hii na ijayo, halafu zitakufa. Msizihesabu kwenye bei."

Wapiga besi wanajua jambo hili. Nyuzi za besi ni ghali, na ndani ya mikunjo yake jasho na mafuta ya vidole vinajaa mpaka sauti inakuwa nzito, haina mlio. Ukizitoa ukazichemsha kwenye sufuria, uchafu unatoka na mlio unarudi, kwa muda mfupi. Wengi wetu tulikuwa tunafanya hivyo ili tusinunue seti mpya. Wauzaji wanafanya hivyo pia usiku wa kuamkia siku ya mnunuzi, na mimi nilikuwa sijawahi kumsikia hata mmoja akisema.

Akaendelea. Kitufe cha sauti cha pikapu ya nyuma (ile sumaku inayonasa mlio wa nyuzi) kinakwaruza, kinataka kusafishwa. Na kwenye uzi wa G, freti ya sita, noti inakufa mapema. "Usiende kubadili nyuzi kwa sababu hiyo. Ni mbao yenyewe, zipo nyingi za namna hii. Mimi noti hiyo nikitaka iimbe naipiga kwenye uzi wa D, freti ya kumi na moja." Nikapiga pale kwenye G, kweli, sauti ilianza ikazimika kabla ya wenzake. Nikapiga kwenye D, ikasimama. Noti ni ileile, mahali tofauti. Nilikuja kuiuza besi hiyo miaka kadhaa baadaye kwa binti mmoja wa kwaya, na jambo la kwanza nililomwonyesha ni freti ile.

Basi tukahamia kwenye amplifaya. Ilikuwa Peavey TNT, zile za kipande kimoja zenye spika ya inchi 15, nzito ya kubebwa na watu wawili. Mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka Marekani alimwachia wakati anarudi kwao, na kwa sababu imetoka kule inataka umeme wa volti 120. Sisi ukutani tuna 230. Ukiichomeka moja kwa moja imekwisha. Mzee alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu mgongoni, herufi kubwa, USICHOMEKE UKUTANI, na pembeni yake ilikaa transfoma ya kushusha umeme. Nilishaona wauzaji wanaouza transfoma peke yake, baada ya kukubaliana bei ya amplifaya. Yeye alisema, "Hivi ni kitu kimoja. Anayevitenganisha anataka mwenzake aunguze."

Fundi akachomeka waya wake. Palikuwa na mvumo kidogo. Nilipogusa nyuzi ukakatika, kwa hiyo waya wa ethi, ule unaounganisha nyuzi na ardhi ya umeme, ulikuwa mahali pake ndani ya gitaa. Nikapiga uzi wa E ukiwa wazi, nikauacha. Hiyo ndiyo sauti ya chini kabisa ya besi ya nyuzi nne, kama mitetemo 41 kwa sekunde, na ndiyo inayoumbua spika: karatasi ikiwa na mpasuko au koili ikiwa imeguswa na moto, hapo lazima ikwaruze. Haikukwaruza. Kikombe kilichokuwa dirishani kikaanza kutembea. Nikacheza kidogo mwendo wa chemko, ule wa mwisho wa nyimbo za dansi ambapo besi inajibizana na gitaa la ridhimu, na mzee akawa anatikisa kichwa, mguu unapiga sakafu.

Fundi akanitazama kwa jicho la kusema tulipe tuondoke. Mimi pia nilikuwa nimesharidhika.

"Bado," mzee akasema. "Kaeni. Mama, tuletee chai. Hii haijaonyesha ugonjwa wake."

Akatueleza kwamba ikikaa imewashwa, nusu saa hivi, inaanza kukatakata na kutoa sauti kama mafuta ya moto yanayomwagiwa maji. Ukiizima ikapoa, inarudi nzima. Mnunuzi anayekuja na haraka hawezi kuligundua.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na birika. "Mzee wangu, wewe unauza au unatangaza ugonjwa? Watoto wa watu wameshaipenda."

"Wapiga besi si wengi, mama. Hawa nitakutana nao tena."

"Na mimi nitakutana na seremala Jumatatu!"

Lakini chai alileta, pamoja na maandazi, na tukakaa wote wanne katika kile chumba kilichokuwa kinataka kuwa duka, amplifaya imewashwa, mimi napiga polepole ili isipoe. Nimekaa kwenye biashara nyingi za vyombo. Kuna inayofanyikia chini ya mwembe, kuna ya stendi ya daladala, kuna ya geti la kanisa baada ya ibada. Sijawahi tena kukaa na muuzaji tukisubiri pamoja bidhaa yake iharibike mbele yangu.

Ikachelewa. Mama akasema labda imepona. Mzee akainama, akaweka kiganja nyuma, pale penye bati la kutolea joto, akasema inakaribia. Na kweli, katikati ya noti, ikakatika, ikarudi, ikaanza kuchachatika.

"Hiyo hapo," akasema, na nilimwona amefurahi.

Fundi aliamka kama mtu aliyeitwa jina. Akaizima, akaichomoa, akaisubiri, akafungua skrubu na kuivuta bodi nje kwa uangalifu, maana ndani ya amplifaya kuna kapasita zinazotunza umeme hata baada ya kuzimwa. Halafu akaomba mwiko. Mama akamtolea mwiko mkavu wa ugali. Akaiwasha tena ikiwa bado ya moto, mkono mmoja nyuma ya mgongo, na kwa mpini wa mwiko akawa anagonga bodi taratibu, sehemu moja baada ya nyingine. Hapa kimya. Pale kimya. Alipofika karibu na rezista mbili kubwa, vile vipande vinavyopunguza mkondo wa umeme, chachacha, spika ikaitikia. Akagonga tena, ikaitikia tena.

"Solda imepasuka," akasema. "Rezista hizi zinachemka sana. Chuma kikichemka kinatanuka, ile solda ya zamani inaachia. Kikipoa kinarudi kugusana. Kazi ya dakika tano, ila hapa sina pasi ya solda."

Mzee akachukua miwani, akasogea kutazama. Alikuwa ameishi na mchachatiko ule kwa miaka, na mafundi wawili wa mjini walishamwambia abadilishe transista, mmoja akazibadilisha kabisa na kulipwa. Akauliza ni ipi kati ya zile mbili. Fundi akasema hapo hawezi kusema, mpaka aitoe bodi yote aigeuze.

Tukaja kwenye bei. Mama alikuwa amesema laki saba kwa vyote. Mzee, bila mimi kufungua mdomo, akasema sasa ni laki tano na nusu, kwa sababu ya ugonjwa. Mama akamtazama. Kwa kawaida pale ndipo ningeanza kushuka mpaka laki nne. Ndiyo desturi, na aliyekwenda Kariakoo anaijua. Sikuweza, na sikutaka. Mtu ameshakufanyia kazi yote ya kutafuta dosari, amezipanga mezani, ameshusha bei mwenyewe. Ukimkandamiza tena hapo unakuwa humheshimu. Nilisema laki sita, na transfoma ndani. Mama akasema, "Haya, huyu kijana ana mama yake," akahesabu noti mwenyewe, mara mbili, akatupa maandazi yaliyobaki kwenye mfuko.

Kuibeba hadi Msamvu tulikodi bajaji. Konda wa basi alitaka nauli ya mtu mzima kwa ajili ya amplifaya, tukapatana nusu. Besi nilipakata mwenyewe mpaka Dar, kwa sababu haikuwa na begi, ilifungwa kwa khanga ya mama ambayo niliirudisha baadaye kwa yule jamaa wa kwaya.

Jumapili mchana Fundi aliigeuza ile bodi kwenye meza yake Temeke. Kuzunguka mguu wa rezista moja palikuwa na mstari mwembamba wa duara, mweusi, ambao bila kioo cha kukuza huwezi kuuona. Akaondoa solda ya zamani, akapiga mpya, akafanya vivyo hivyo kwa ile ya pili ili isije ikafuata. Tukaiwasha. Nikapiga lisaa lizima na zaidi, tukila na kuongea, na haikukatika hata mara moja.

Nikampigia mzee simu kumwambia imepona. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Ni ipi? Ya kushoto au ya kulia?"

Nikampa Fundi simu. Ilikuwa ya kulia; mzee miaka yote alikuwa anaishuku ya kushoto, na sasa alitaka kujua kwa nini ya kulia ndiyo inachemka zaidi wakati zote mbili ni sawa kwa umbo. Fundi akavuta kiti, akaanza kumweleza njia ya umeme ndani ya bodi ile, kutoka mwanzo, huku anaifuata kwa ncha ya bisibisi utadhani mwenzake anaiona. Vocha ikaisha. Nikatoka kwenda dukani kununua nyingine, nikarudi, tukampigia tena, Fundi akaendelea pale alipoishia.