Wikiendi hii ni baharini, na ni kwa treni

Jamani jiji limenichosha, wikiendi hii tunaenda baharini na tunaenda kwa treni, gari linabaki nyumbani maana sitaki kukaa kwenye foleni halafu nifike nimevurugwa. Hata kabla ya kutafuta chumba nilianza kuangalia treni ya mwisho ya kurudi Jumapili, hiyo ndo inaamua kila kitu, ya kwenda haisumbui sana ukitoa ile ya Ijumaa jioni ambayo kila mtu anaikimbilia. Tiketi nshakata, siti za dirishani upande wa bahari, mwenzangu anasema nina mambo mengi, haya tutaona nani atang'ang'ania dirisha 😂

Kitu ambacho watu hawaangaliagi ni maji. Yakipwa unaweza kutembea weee na bado yako magotini, kwa hiyo nimecheki ratiba, sehemu nyingi kutoka kujaa mpaka kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25, maana yake kila siku inasogea mbele karibu dakika 50, yaani Jumamosi yakijaa saa 4 asubuhi basi Jumapili ni karibu saa 5 na treni yetu ni jioni, freshi kabisa. Jua la mchana tutalilia taimingi kivulini.

Chumba kiko karibu na stesheni, kwenye picha hakivutii kihivyo ila tutatembea kwa miguu na begi la mgongoni tu, taulo, losheni ya jua, chaja, basi. Nani mwingine yumo?