Zabibu haina ngozi

Mbukwenyi wapendwa. Wiki iliyopita alikuja mzee mmoja pale steshenari kwangu, ametokea Hombolo, mkononi ana flashi na kimfuko cha zabibu, anataka nimtolee vipeperushi mia mbili vya kikundi chao cha wakulima. Sasa kijana wao alikuwa ameandika kwanza kwa Kiingereza afu akaipa simu itafsiri. Mimi huwa napitia kabla ya kuprinti maana sipendi mtu alipe hela yake aondoke na makosa, nikafika mahali pameandikwa rangi nyekundu ya mvinyo inatoka kwenye "ngozi ya zabibu". Nikamsomea. Mzee akanyamaza kidogo, akaniangalia, akasema, "Mwanangu, zabibu ina ngozi toka lini? Ngozi si ya mbuzi?"

Afu akachukua punje moja nyeusi tii akaikamua juu ya karatasi nyeupe pale pale kaunta. Yale maji yaliyotoka hayakuwa na rangi yoyote, kama maji ya dafu. Kisha akalichukua lile ganda akalisugua kwa kidole gumba kwenye karatasi ile ile, likaacha mstari wa zambarau umekolea. "Umeona mwanangu? Rangi inakaa kwenye ganda." Ndo maana mvinyo mwekundu unachachushwa pamoja na maganda yake, na mweupe wanakamua wanayatoa maganda mapema. Mimi nimezaliwa Dodoma, mji ambao zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, na hilo nimeonyeshwa wiki iliyopita na mzee kwa kidole chake. Ile karatasi nimeibandika ukutani.

Tukabadilisha, tukaandika "maganda ya zabibu", mzee akaondoka ameridhika. Ila mimi lile neno la Kiingereza ambalo simu ililigeuza ngozi likanikaa kichwani siku nzima, skin, skin, nikawa naliona kila mahali.

Kwa Kiingereza kitunguu kina skin, nyanya ina skin, kiazi kina skin, soseji ina skin, chai ya maziwa ikipoa pale juu inafanya skin, hata kopo la rangi ya ukuta ukiliacha wazi ile rangi inafanya skin. Chochote chembamba kilichofunika kitu wao wanakiita hivyo. Sisi hapo tunagawa. Kitunguu na kiazi na zabibu ni ganda. Maziwa ni utando, neno lile lile la utando wa buibui, na ukiuinua na kijiko unaona kabisa kwa nini waliotangulia wakaviita jina moja, maana unaning'inia vile vile mwembamba una mikunjo (kwetu tulikuwa tunaugombania ule utando, mama alikuwa anampa mgonjwa kwanza). Yai nalo tunasema ganda, wakati Mwingereza hapo anabadilisha anasema shell kwa sababu ni gumu, kwa hiyo siyo kwamba sisi ndo tunagawa kila kitu, na sisi tuna pa kukusanya.

Tena pa kukusanya kwetu ni kwenye hiyo hiyo ngozi. Kiingereza kina skin ya kiumbe akiwa hai, kina hide ya mnyama mkubwa kama ng'ombe ikishachunwa, kina leather ikishatengenezwa. Na hata skin yenyewe siyo ya kwao toka mwanzo, walikuja nayo watu wa kaskazini, wale Waviking, Waingereza wa zamani walikuwa na hide yao tayari, wakazibakiza zote mbili wakazigawia kazi. Sisi ng'ombe akitembea ana ngozi, akichinjwa ile iliyoanikwa ni ngozi, na kandambili ukazinunua zimeshashonwa bado unaambiwa hii ngozi kabisa dada, siyo plastiki. Neno moja kutoka zizini hadi mguuni.

Bibi yangu Mvumi alikuwa na ngozi ya ng'ombe ya kulalia, iliyokwisha manyoya katikati pale mwili unapogusa, pembeni manyoya yapo. Na ndo kwake nilipoelewa ile methali ya kila mwamba ngozi huvutia kwake. Mimi miaka yote ya shule nilidhani mwamba ni jiwe, nawaza jiwe linavutaje ngozi. Siku hiyo wajomba walikuwa wanawamba ngozi mbichi, wameilaza uwanjani manyoya chini, imelowa, nzito, kila mtu kashika upande wake anavuta afu anapigilia kigingi, na ukweli ni kwamba ukivuta kwa nguvu upande wako yule wa ng'ambo kigingi chake kinang'oka. Walikuwa wanagombana kwa sauti kabisa! Mwamba ni mtu anayewamba, basi. Na haraka yao ilikuwa jua, maana jua la kwetu kiangazi halisubiri mtu, ngozi ikishakauka ndo hivyo imekauka, haivutiki tena hata kidogo.

Ngozi za ngoma ni hivyo hivyo. Wale mnaojua muheme, mchezo wetu wa Wagogo, mnajua ngoma zinapigwa na wanawake, wamezibana katikati ya mapaja, na kabla ya kuanza wanawasha moto wa nyasi wanazisogeza ngoma pale, bibi akawa anagonga kwa vidole, anasikiliza, anarudisha motoni, anagonga tena. Ngozi ikiwa imelegea inatoa sauti ya boksi. Ikishapata joto inakaza, sauti inatoka imenyooka mpaka unaisikia kifuani. Hiyo ni ngozi ya mnyama aliyekufa lakini ukiiona vile inavyobadilika na moto na baridi ungesema bado inasikia.

Sasa twende kwenye vitendo maana hapo ndo Kiswahili kinanifurahisha zaidi. Mwingereza ana-skin mbuzi, ana-skin nyanya, na akianguka na baiskeli ame-skin goti. Sisi mbuzi tunamchuna, kiazi tunamenya, gome la mti tunaambua, goti limechubuka. Na hilo la kuchubuka nataka nilisemee kidogo. Watu wanaopaka mkorogo wawe weupe tunasema wanajichubua. Halikuwekwa bure neno lile, ni kitendo kile kile cha goti kukwaruzwa na lami, na yale madawa yana zebaki na haidrokwinoni, yamepigwa marufuku na bado mtu anakuuzia kwenye kopo lisilo na lebo. Nina rafiki yangu wa karibu sana alianza na uso, sasa hivi akipita juani saa sita mchana mashavu yanawaka mpaka anafunika na kanga, na sisi huku jua tunalijua. Inaniuma sana jamani. Ile rangi nyeusi ndo mwavuli wenyewe, waulize ndugu zetu wenye ualbino wanavyohangaika na kofia na losheni kila siku ya maisha yao kwa sababu mwavuli huo hawakupewa, afu wewe uliyepewa unaukwangua.

Kuchuna nako kuna mtaani kwake. Kuchuna buzi wote mnalijua, dada ana mzee wake mwenye hela anamchuna taratibu mpaka mzee anafulia. Nimegundua Waingereza nao mtu aliyefulia wanamwita skint, na hiyo imetokana na skinned, yani ameshachunwa. Hakuna aliyekaa na mwenzake wakakubaliana, na wote wakamuona mtu asiye na hela ni mbuzi aliyetolewa ngozi.

Lakini kuna pale ambapo hatukutani kabisa, na hapa ndo ile simu ya yule kijana ingechemka zaidi. Mwingereza akiogopa kitu anasema skin yake inatambaa, mimi nasema mwili umenisisimka. Akiwashwa, anawashwa skin, mimi mwili unaniwasha. Mtu asiyeumizwa na maneno ana skin nene, kwetu huyo ana roho ngumu, au ana uso mkavu. Akikimbia hatari kaokoa skin yake, sisi kaokoa roho yake. Yani mwenzetu anahisi na kile kilichofunika, sisi tunapita moja kwa moja hadi mwilini na rohoni, ngozi tunaitaja ikipauka tu huu upepo wa mwezi wa saba, tunatafuta mafuta ya mgando. Na kupona kwa skin ya meno, hiyo inatoka kwa Ayubu sura ya 19 mstari wa 20, ipo hata kwenye Biblia yetu ya Kiswahili, ila sijawahi kusikia mtu stendi ya Nanenane anasema ameponea ngozi ya meno. Ameponea chupuchupu.

Skini yenyewe nayo imeshaingia, tusijifiche. Skintaiti za kuvaa chini ya dera zinauzwa Majengo kwa mafungu, hakuna anayeuliza maana yake. Na juzi mpwa wangu wa darasa la sita akanipigia, "Shikamoo mama mdogo, naomba elfu tano ninunue skini." Skini ya nini? Ya gemu, yule askari wake wa kwenye simu anataka kumbadilisha muonekano. Nikamwambia nitakutumia ukinipa hilo neno kwa Kiswahili. Akawaza, akasema nguo. Akasema hapana, siyo nguo, kwa sababu anabadilika na mikono na uso. Ngozi? Hapana, ngozi huwezi kuvua. Akakaa kimya mpaka nikadhani salio limekata, afu akasema, "Gamba. Kama nyoka, mama mdogo, anajivua gamba anabaki yeye yule yule."

Mtoto kaniacha hoi. Neno hilo mara ya mwisho nimelisikia kwa nguvu ilikuwa 2011, chama tawala kilipokuwa kinaongelea kujivua gamba, mji mzima ukawa unatumia, hadi mama ntilie akibadilisha kitambaa cha meza anasema amejivua gamba. Huyu hakuwa hata amezaliwa. Nimemtumia hiyo elfu tano na ya kutolea.