Vanishi iliyokataa kukauka juu ya mvule

Hatimaye vanishi imekauka. Asubuhi ya leo nilikibonyeza kiegemeo cha benchi kwa kidole gumba na hakikubaki na alama yoyote, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu benchi hili la mvule, lililonunuliwa likiwa limekwisha kutumika miaka mingi, liingie barazani kwangu hapa Entebbe.

Rangi ya zamani nilikwisha kuitoa, maungio yaliyolegea nikayafungua, nikayasafisha na kuyabandika upya kwa gundi ya epoksi, na misumari iliyokuwa imetia madoa meusi kuzunguka matundu yake nikaibadilisha kwa skrubu zisizoshika kutu. Kilichonikosesha usingizi ni vanishi peke yake. Mkono wa kwanza wa vanishi ulikaa unanata siku baada ya siku, na nzi wa ziwani, ambao majira yao yakifika hupanda kutoka Ziwa Viktoria kama moshi, wakaganda humo hata ikanibidi nikwangue kila kitu na kuanza tena.

Muuzaji wa rangi alisema ni mvua, na seremala jirani akasema ni kopo bovu. Nilichukua kipande cha paini, nikakipaka vanishi ya kopo lilelile kwa brashi ileile, nikakiweka kando ya benchi. Kesho yake paini ilikuwa imekauka ngumu, huku mvule ukiendelea kunata. Ushahidi ulionitosheleza zaidi ulikuwa juu ya benchi lenyewe: ubao mmoja wa kukalia una ukingo mweupe, ile sehemu ya mti iliyo karibu na gamba, na pale vanishi ilikuwa imekauka vizuri kabisa, lakini upana wa kidole kimoja kutoka hapo, kiini cha kahawia kinapoanzia, ilinata kama ilivyopakwa. Mpaka wa kunata na kutonata ulifuata mpaka wa rangi ya mti.

Vanishi ya mafuta haikauki kwa kupoteza kimiminiko tu. Hushikana kwa kuvuta oksijeni ya hewani, na kiini cha mvule kina kemikali zake za asili zinazoizuia kazi hiyo. Kemikali za kiini hichohicho ndizo zinazoulinda mti dhidi ya mchwa na kuoza, kwa hiyo siwezi kuulaumu. Niliusugua kwanza kwa spiriti, kitambaa kikatoka cha manjano, lakini mkono uliofuata ukanata vilevile. Asetoni ilifanya kazi zaidi: nilipiga msasa namba 120, nikafuta mpaka kitambaa kikabaki kisafi, kisha nikapaka upesi vanishi iliyozimuliwa kwa tapentaini. Sehemu bapa zilikauka, ila kwenye kingo na karibu na maungio, ambako kitambaa hakifiki vizuri, ubishi uliendelea.

Kilichomaliza ubishi huo ni sheliaki, utomvu wa wadudu unaoyeyushwa kwa spiriti na kupakwa kama vanishi. Yenyewe hukauka kwa spiriti kuruka hewani, haihitaji oksijeni, hivyo mvule hauna namna ya kuizuia, na ikishakauka hukaa katikati ya mti na vanishi. Ni lazima iwe sheliaki iliyoondolewa nta, kwa sababu vanishi haishiki vizuri juu ya nta. Mafundi wengi hupulizia laka, ambayo nayo hukauka upesi, lakini laka ya kawaida ikiachwa kwenye jua letu la ikweta hupasuka na kubanduka vipande vipande. Kwa samani za nje siitaki.

Jambo jingine ninalolisimamia: kwa mvule, kikwaruzo cha bamba la chuma kilichonolewa vizuri kinaishinda mashine ya msasa. Mashine hutifua vumbi jingi, na vumbi la mvule huwasha ngozi na kukereketa kifua. Ubaya wake ni kwamba mvule mara nyingine huficha ndani yake mawe madogo ya chokaa, na makali yakikutana nayo hulazimika kurudi kwenye jiwe la kunolea.

Baada ya benchi, zamu ilikuwa ya meza na viti viwili vilivyokuja pamoja nalo. Lakini nilipokigeuza kiti kimoja niliona kwamba upande wa chini, ambao haukuwahi kupakwa kitu, umegeuka kijivu na bado ni mzima, bila ufa wala dalili ya kuoza, ilhali upande wa juu uliokuwa na rangi ndio ulioshikilia unyevu chini ya magamba ya rangi hiyo. Wazo kwamba huenda mvule mtupu hudumu kuliko uliopakwa limenivuruga mpango mzima. Kiti hicho nimekikwaruza chote, nikakitoa uani bila sheliaki, bila vanishi, bila mafuta, kando ya benchi lililopakwa, ili vyote viwili vipate jua na mvua ileile. Meza itasubiri mpaka nione ni kipi kinachostahimili zaidi.