Sukari na Ramadhani: tulivyopanga mfungo na wagonjwa wetu wa Tanga

Kila mwaka ukiingia mwezi wa Rajabu, miezi miwili kabla ya Ramadhani, kwenye kliniki yetu ya sukari huzuka swali ambalo halisemwi waziwazi. Mgonjwa atapimwa, atachukua dawa zake, atafika mlangoni, kisha atageuka: "Dokta, na hizi mwezi ule nitakunywaje?" Nikisikia hivyo namrudisha kitini, hata kama foleni imefika barazani.

Mimi ni tabibu katika zahanati ndogo mjini Tanga. Wagonjwa wetu wengi wanatoka Ngamiani, Makorora, Msambweni na Mabawa. Ni watu wazima, Waislamu kwa wingi, wana sukari ya aina ya pili na presha juu yake. Ukimwambia mtu wa namna hiyo "wewe usifunge" ukaishia hapo, ataitikia kwa adabu, "haya, mwanangu", kisha atafunga. Atafunga ama bila dawa kabisa, ama atazimeza za kutwa nzima kwa mkupuo magharibi ikiadhiniwa. Bi mkubwa mmoja alinijibu hadharani: "Nafunga tangu nang'oka meno ya utoto, leo ndiyo uniambie nile mchana?" Sikuwa na la kubishana naye. Nilimuuliza mwaka uliopita saumu ngapi zilimshinda, akaanza kuhesabu kwa vidole, na kwa kila kidole akawa na kisa: hii alitetemeka, hii alilala hadi wajukuu wakamwagia maji. Tangu hapo hilo ndilo swali langu la kwanza. Ukimuuliza mtu kama anafunga, atakupa jibu analodhani unalitaka. Ukimuuliza zipi zilimshinda, unapata historia ya ugonjwa.

Kuanza Rajabu kuna sababu. Dawa ikibadilishwa inataka wiki kadhaa kabla hujaona matokeo, na Shaabani, mwezi unaotangulia Ramadhani, huku pwani ni mwezi wa kuharibu hesabu. Siku za mwisho kuna vunja jungu, watu wanakula kama vile chakula kinahama mji, na ukipima sukari wiki hiyo unaweza kumwongezea mtu dozi asiyoihitaji. Mimi vipimo vya wiki ya vunja jungu navitazama kwa jicho la pembeni.

Hatari yenyewe si ya kubuni. Utafiti mkubwa uliofanywa mwaka 2001 katika nchi 13 ulionyesha kuwa kwa wenye sukari ya aina ya pili, matukio ya sukari kushuka hadi mtu kulazwa yaliongezeka takriban mara 7.5 ndani ya Ramadhani, na ya kupanda kupita kiasi takriban mara 5. Namba ya pili huwashangaza wagonjwa, maana wanadhani mfungo ni njaa tu. Inapanda lini? Usiku, baada ya futari.

Kwa hiyo kabla ya lolote tunawapanga watu. Mwenye sukari ya aina ya kwanza, yaani ambaye mwili wake hautengenezi insulini, mwenye figo zilizochoka, mjamzito anayechoma insulini, aliyeshuka sukari vibaya au aliyelazwa kwa damu kujaa asidi ndani ya miezi mitatu iliyopita: hawa nawaambia wasifunge, na siyumbi. Anayetumia vidonge vya sukari vya metformini peke yake na sukari yake imetulia, huyo mara nyingi hana shida. Kazi iko kwa walio katikati.

Neno la kutofunga, hata hivyo, halitoshi likitoka kwa mtu mwenye koti jeupe. Nilimfuata imamu wa msikiti wa jirani, nikamweleza ugonjwa kwa urefu. Alinisikiliza, akanisomea aya ya 184 ya Suratul Baqara, inayomruhusu mgonjwa na msafiri kula na kuhesabu siku nyingine, kisha akaniambia kwamba mgonjwa asiyetarajia kupona hutoa fidia, kibaba cha chakula kwa kila siku. Baada ya sala ya Ijumaa aliyasema hayo mbele ya watu, akaongeza kuwa kutoboa kidole kupima sukari hakufunguzi, wala sindano ya insulini, kwa kuwa si chakula. Maneno yake ya dakika chache yalifanya kazi ambayo mabango yetu ukutani hayakuwahi kuifanya. Watu walianza kuja na mashine zao mchana bila kificho.

Kuna kijana mmoja wa Sahare, mvuvi, ana aina ya kwanza tangu utotoni. Alikuwa amekwisha lazwa na asidi mwaka huohuo. Dini aliijua vizuri kuliko mimi, na ruhusa aliikubali. Kilichomtesa ni kuonekana anakula mchana mbele ya wenzake, kijana mwenye misuli, asiyeonekana mgonjwa. Hapo tiba haikuwa insulini. Tulikaa naye na mama yake, tukakubaliana ale nyumbani kabla ya kutoka, abebe chupa ya juisi ya dharura iliyofungwa kwenye mfuko, na nahodha wa chombo chake aambiwe ukweli. Nahodha ndiye aliyemaliza maneno kwa wenzake.

Turudi kwa wanaofunga. Sisi tuko karibu na ikweta, saumu yetu ni saa 13 na ushei mwaka mzima. Hatuna tabu ya walioko Uingereza, ambao Ramadhani ikiangukia kiangazi hupitisha saa 17. Ila mwezi hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, na miaka hii umeangukia Februari na Machi, joto la kaskazi. Mwenye sukari iliyopanda hukojoa sana, kwa joto la Tanga bila maji anakauka upesi.

Dawa tunazihamisha hivi. Metformini ya mara tatu kwa siku inakuwa mara mbili: ya asubuhi inakwenda daku, ya mchana na ya jioni zinaunganishwa wakati wa kufuturu. Insulini ya mchanganyiko, ile ya mawingu ya 70/30, tunaigeuza. Dozi kubwa ya asubuhi inachomwa magharibi, na ile ndogo ya jioni inapunguzwa kati ya robo na nusu, ichomwe wakati wa daku. Kabla ya kuvuta, chupa iviringishwe viganjani, isitikiswe. Wasio na jokofu huifunga ndani ya mfuko na kuiweka kwenye mtungi wenye maji kivulini, na hilo linasaidia kweli.

Dawa ninayoiogopa ni glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari. Ni rahisi, imezoeleka, na wazee wengi wameinywa miaka. Lakini inakaa mwilini muda mrefu, na figo zikiwa dhaifu inakaa zaidi. Mzee aliyeimeza kwenye daku ataonekana mzima asubuhi, adhuhuri mzima, na ikifika saa tisa au kumi alasiri anaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Nyumbani wanasema "saumu imemkamata", wanamlaza chini ya feni wakingoja adhana. Kwa umri huo na dawa hiyo, mimi naomba kipimo cha figo Shaabani, kisha nabadilisha kwenda gliklazidi, kidonge cha jamii hiyohiyo, pale inapopatikana, na dozi ya daku naipunguza. Isipopatikana, afadhali sukari yake iwe juu kidogo mwezi mmoja kuliko ashuke.

Presha nayo inaingia humohumo. Dawa ya presha ya amlodipini, ya mara moja kwa siku, haina taabu, inahamia futari. Kaptoprili ya mara tatu haiendani na mfungo hata kidogo, namtafutia mtu ya mara moja kwa siku. Dawa ya kukojoza naihamishia usiku na kwa wengine naisimamisha, kwa sababu ya lile joto. Na anayetumia dawa za presha za propranololi au atenololi namwonya peke yake: dawa hizo huficha mapigo ya moyo na kutetemeka, kwa hiyo sukari ikishuka huenda akabaki na dalili ya jasho tu. Jasho Tanga mwezi wa Machi nani atalishangaa? Huyo ni lazima apime.

Kupima ndiko tulikohangaika zaidi, maana vijiti vya mashine ni ghali na si kila nyumba inayo. Ngamiani tulipata nafuu kwa majirani kushirikiana. Nyumba yenye mashine inajulikana, mtu anakuja na vijiti vyake na sindano yake ya kutobolea. Mashine ifutwe kwa spiriti kila mara, na sindano haiazimwi kamwe, hata kwa mke na mume. Homa ya ini aina ya B inapita hapo. Mwenye vijiti vichache nilimpangia avitumie pale penye hatari: adhuhuri, alasiri, na saa mbili baada ya futari siku moja moja.

Mpaka tuliouweka ni ule wa mwongozo wa kimataifa: sukari chini ya 3.9 (kwa kipimo cha mmol/L), futuru hapohapo, hata kama imebaki robo saa. Juu ya 16.6, futuru pia, unywe maji, uje. Hii ya robo saa ndiyo iliyozua ubishi mkubwa kuliko yote. Mzee mmoja aliniuliza kwa upole kama mimi ningefanya hivyo. Nilimwambia robo saa inatosha mtu kuanguka chooni. Aliyeshuka anakoroga vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika nusu glasi ya maji, anakunywa, anapima tena baada ya dakika 15.

Sasa futari. Meza ya Tanga unaijua: mihogo ya nazi, magimbi, viazi vitamu, ndizi, tambi za sukari, kaimati zinazong'aa shira, na jagi la juisi ya ukwaju. Kila kimoja ni wanga, na mtu anaonja vyote ili mpishi asinune. Sikukataza kitu, maana nisingesikilizwa. Nilisema: tende moja au mbili, maji, uji wa pilipili manga usiotiwa sukari, kaswali magharibi. Ukirudi, chagua wanga mmoja katika meza nzima, ujaze kilichobaki kwa samaki, mbaazi na mboga. Wanawake wanaopika ndio waliolifanya liwezekane. Mama mmoja wa Makorora aliacha tu kupika vya aina tano kila siku, akawa anavizungusha, leo mihogo, kesho magimbi, na mumewe hakugundua kwamba yuko kwenye mpango. Sukari yake ya usiku ilishuka kabla sijagusa dawa.

Daku watu wengi walikuwa wanalila saa sita usiku wakitoka tarawehe, wanalala moja kwa moja. Hapo saumu ya saa 13 imekuwa ya saa 18. Tuliwaomba walisogeze hadi karibu na imsaki, liwe na maharage, yai au ugali wa dona, na ng'onda, wale samaki wakavu, wapungue kwa ajili ya kiu. Tarawehe yenyewe tunaihesabu kuwa mazoezi, hasa kwa wanaoswali rakaa 20, kwa hiyo mchana sitaki mtu akimbie ufukweni Raskazone ili kupunguza tumbo.

Wiki ya kwanza ya Shawwal kliniki hujaa tena, wengine na sukari ya biriani ya Idi. Hapo dozi zinarudi zilivyokuwa, na hili lazima lisemwe kwa sauti, kwa sababu kuna wanaoendelea kuchoma dozi kubwa usiku hadi mwezi wa pili baada ya Ramadhani. Wanaotaka kufunga sita za Shawwal nawauliza swali lilelile la vidole. Ambaye hakushuka hata siku moja anafunga kwa mpangilio wa Ramadhani, na siku asizofunga anarudi kwenye dozi yake ya kawaida, iliyoandikwa kwenye kadi kwa wino wa rangi nyingine.